Soksi ya karabai na swali la Kidato cha Tatu

Swali liliulizwa dakika tano kabla ya kengele, wakati ambao nimeshafuta nusu ya ubao na wanafunzi wameshafunga madaftari. Siku hiyo tulikuwa kwenye chumvi ya mezani. Sodiamu, metali laini tunayoihifadhi ndani ya mafuta ya taa kwa sababu ikiguswa na maji inalipuka. Klorini, gesi ya kijani iliyoua askari kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Na mtoto wao, ambaye kila jioni anatiwa kwenye maharage na hakuna anayedhurika. Mfano huu naupenda, nimeutumia miaka kumi na tisa na bado naona macho yakichangamka.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Darasani tunatakiwa tuongee Kiingereza, lakini maswali yenye uzito huja kwa Kiswahili, nami nimeacha kuyazuia.

"Mwalimu, kama sumu mbili zikiungana zinakuwa chakula, basi na urani si waiunganishe na kitu kingine iache kutoa mionzi?"

Kijana huyu kwao ni Namtumbo. Kwa asiyepajua, ukitoka hapa Songea kuelekea Tunduru lazima upite Namtumbo, na huko ndani, upande wa Mto Mkuju, kuna urani ambayo imezungumzwa tangu sijaoa. Kwa hiyo yeye hakuuliza kwa ajili ya mtihani.

Nikamjibu kama mtu anayesikia kengele: "Haiwezekani. Kemia haigusi mionzi hata kidogo. Kesho tuendelee." Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Sehemu iliyobaki imenisumbua mwezi mzima.

Kwanza nieleze palipo sahihi. Atomu ina baraza na ina chumba cha ndani. Barazani wanakaa elektroni, na mambo yote ya kemia yanaishia hapo: kukopeshana, kunyang'anyana, kushikana mikono. Sodiamu inampa klorini elektroni moja, wanashikana, chumvi hiyo. Chumba cha ndani ndicho kiini, chenye protoni na nyutroni, na mgeni wa barazani akibisha hodi huko hafunguliwi. Mionzi inatoka humo ndani. Kiini cha urani kina protoni 92 zinazosukumana zenyewe kwa zenyewe, na kila baada ya muda kiini kimoja kati ya vingi hutema kipande. Nguvu ya kipande hicho ukiilinganisha na nguvu inayoshikilia kifungo kimoja cha kemia ni kama mara milioni moja. Kumfunga urani na oksijeni ukitegemea atulie ni kumfunga tembo kwa uzi wa cherehani, na watu wa Namtumbo tembo wanamfahamu, anawalia mahindi.

Swali la kijana wangu lilishapata kipimo chake Paris mwanzoni mwa 1898. Marie Curie alichukua kampaundi za urani, yaani urani iliyoungana na elementi nyingine, za kila namna, kavu na mbichi, unga na zilizoyeyushwa, akazipima kwa kifaa ambacho mumewe Pierre na shemeji yake Jacques walikuwa wamekibuni. Akaona kuwa hakuna kinachobadilisha nguvu ya mionzi isipokuwa kiasi cha urani kilichomo. Urani awe na oksijeni, awe na salfa, awe na maji, ni yeye yule. Hapo ndipo alipojua kwamba mionzi ni tabia ya atomu yenyewe, wala haitokani na aliyeungana naye.

Kisha akapima mawe yenye urani na yakampa mionzi mingi kuliko urani iliyokuwamo. Akahisi humo ndani kuna mwingine. Namna alivyomtafuta huyo mwingine ndiyo huwa nawasimulia watoto taratibu, maana ni kemia tupu. Unayeyusha jiwe kwa asidi, unalitenganisha mafungu kwa mafungu, na kila fungu unalipima: mionzi imekwenda na nani? Sehemu moja ilikwenda na bismathi. Ndiyo poloni, iliyotangazwa Julai 1898. Nyingine ikakataa kuachana na bariamu, ndiyo radiamu, Desemba mwaka huohuo. Radiamu na bariamu wako safu moja katika jedwali la elementi, ukoo mmoja na kalisi, barazani kwao kumepangwa viti vilevile. Kumtenganisha na bariamu kulimchukua hadi 1902, na baada ya tani nzima ya mabaki ya mawe alipata sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Punje chache. Miaka iliyofuata mawe yenye utajiri zaidi yalitoka kwa majirani zetu wa Katanga, kule Shinkolobwe, mgodi uliolisha kwanza biashara ya radiamu ya Wabelgiji na baadaye bomu la Wamarekani. Hadithi hiyo inataka siku yake.

Sasa karabai.

Mimi ni mtu wa Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Marehemu baba alivua usipa, dagaa wa ziwa hilo, na usipa anavuliwa usiku wa giza kwa taa. Yetu ilikuwa karabai ya pampu, inayokula mafuta ya taa na kunguruma kama paka aliyeshiba. Nuru yake haitoki kwenye moto wenyewe. Inatoka kwenye kifuko kidogo cha nyuzi kinachoning'inizwa juu ya moto. Nyumbani tulikiita soksi, na kweli kilifanana na soksi ya mtoto mchanga. Baba alikuwa akifunga soksi mpya kwa vidole viwili, ulimi nje kidogo, anaipasha kwa kiberiti. Inakuwa nyeusi, inajikunja, halafu weusi unatambaa ukiondoka na soksi inabaki nyeupe kama yai, nusu ya ukubwa wake. Kuanzia hapo haiguswi. Ukiitikisa tu inamwagika unga. Ilipovunjika, kazi ya kupuliza ule unga ilikuwa yangu, na niliipenda.

Nilikuja kujua chuoni kwamba kilichokuwa kinatendeka mbele ya pua zetu ni kemia ya elementi yenye mionzi. Soksi za zamani zililowekwa kwenye naitreti ya toriamu. Ukiiwasha, uzi unaungua na kwenda zake, naitreti inavunjika na gesi yake inatoka, inabaki oksidi ya toriamu imeshika umbo la ule ufumaji. Ni majivu tu yale. Mwaustria Carl Auer von Welsbach ndiye aliyepata mchanganyiko wake mwaka 1891: toriamu 99 kwa mia, seri moja kwa mia. Oksidi ya toriamu haiyeyuki mpaka ipite nyuzi joto 3,300, kwa hiyo mwali wa karabai unaichekesha tu, inawaka nyeupe. Siku hizi watengenezaji wengi wametoa toriamu na kuweka itriamu. Na usipa siku hizi wanavuliwa kwa taa za betri.

Katika sanduku la baba la ndoana na risasi za nyavu nilikuwa nimekuta pakiti mbili za soksi za zamani ambazo hazijafunguliwa. Na nina rafiki, tulisoma wote, yeye akaenda kwenye fizikia na sasa kazi yake ni kupima mionzi. Alipokuja likizo nikamwomba aje shuleni na kipimo chake. Sikumwambia mtu, nilitaka kumjibu kijana wa Namtumbo kwa macho yake. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Tunapima soksi ikiwa naitreti. Tunaiwasha, inakuwa oksidi. Tunapima tena umbali uleule. Inatoka namba ileile, kijana anakaa chini, mwalimu anapigiwa makofi.

Kipimo kilianza kwa kutoa tik moja, kimya, tik mbili, maana hata meza ya maabara na miili yetu ina kidogo. Alipokisogeza kwenye pakiti kikaharisha. Watoto wa mbele wakarudi nyuma hatua. Tukahesabu dakika kumi, kijana akaandika ubaoni. Nikafunga soksi kwenye karabai niliyoazima, nikagundua ulimi wangu uko nje kidogo, nikaiwasha. Tukaiacha ingurume saa nzima, tukaizima, tukasubiri ipoe, tukatoa kioo, tukapima.

"Mwalimu," kijana akasema, bila kejeli hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. "Imepungua."

Imepungua kweli. Wala si kwa bahati ya kuhesabu, tulirudia mara tatu. Darasa likaniangalia. Mimi nikamwangalia rafiki yangu, naye alikuwa anacheka akiwa amegeukia dirishani. Alijua tangu mwanzo, mjinga yule.

Niliposahau ni hapa. Toriamu hakai peke yake. Yeye mwenyewe ni mvivu, anahitaji miaka bilioni 14 nusu yake kuondoka. Lakini kila atomu yake inayotema kipande inageuka elementi nyingine, nayo inageuka, mpaka ukoo mzima uishie kwenye risasi iliyotulia. Humo katikati kuna radiamu, kuna radoni ambayo ni gesi, kuna poloni, kuna risasi yenye mionzi, kuna bismathi. Soksi iliyokaa sandukuni miaka thelathini imejaa wajukuu na vitukuu, na sehemu kubwa ya makelele ya kipimo ni yao, si ya babu. Naitreti ilipokuwa inageuka oksidi, toriamu alishikwa na oksijeni kwa nguvu na akabaki. Risasi na bismathi hawavumilii joto lile. Waliondoka na moshi. Radiamu nayo kwa sehemu.

Kwa hiyo kemia haikugusa mionzi ya yeyote kati yao. Ilichofanya ni kuamua nani abaki na nani asafiri. Nilipolisema hilo kwa sauti mbele ya darasa, kichwa changu kikaenda moja kwa moja kwa shangazi.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kabla hajajua anaumwa, alijua kwamba hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio amekaa, anakula na kukonda. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea rovu, shingo inayovimba kwa kukosa madini joto, yaani iodini, ndiyo maana chumvi yetu inawekwa madini hayo tangu miaka ya tisini. Yake ilikuwa kinyume. Tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Akapelekwa Dar es Salaam, siku nzima kwenye basi, akapewa kidonge cha iodini 131, iodini yenye mionzi (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini).

Alinipigia simu jioni ile. Shikamoo, marahaba, kisha bila kupumua: "Mwanangu, yule kijana wa hospitali amekileta kidonge ndani ya kopo la risasi, amekishika kwa mkono mrefu kama anabeba yai la mamba. Yeye anaogopa kukigusa, halafu mimi ananiambia nimeze!"

Nilimweleza hivi, na nadhani ndiyo maelezo bora niliyowahi kutoa maishani, kwa sababu yalikuwa ya simu na salio lilikuwa linaisha. Shangazi, tezi yako inakula iodini na haili kitu kingine kwa uroho huo. Iodini ya chumvi na iodini ya kidonge, barazani ni mtu mmoja, elektroni zilezile, viti vilevile. Tezi haina macho ya kuona chumba cha ndani. Itaikusanya yote kutoka kwenye damu, itaifunga kwenye protini zake kama kawaida, na humo humo iodini itaanza kutema. Mionzi yake mingi inaishia ndani ya milimita moja au mbili. Inaichoma tezi na kuacha jirani.

"Kwa hiyo imetegewa chambo," akasema. Ndiyo shangazi, imetegewa chambo.

Aliambiwa asimbebe mjukuu kwa siku kadhaa, alale peke yake, amwage maji chooni mara mbili. Iodini 131 inapungua nusu kila siku nane, kwa hiyo siku themanini baadaye haibaki hata sehemu moja ya elfu. Na kuna kitu sikumwambia kwa sababu salio lilikwisha. Kila atomu ya iodini inayotema inageuka zenoni, gesi isiyotaka ushirika na yeyote. Fikiria, amefungwa kwenye protini, ameshikwa mkono na kaboni, ghafla chumbani ndani kunabadilika na yeye si iodini tena. Kifungo kinavunjika, anaondoka zake kwenye damu, anatoka na pumzi. Kwa hiyo baraza haliwezi kuamuru chumba cha ndani, lakini chumba cha ndani kinaweza kulivunja baraza lote.

Uroho huohuo wa tezi ndio uliowaumiza watoto wa Ukraine na Belarusi baada ya Chernobyl kulipuka Aprili 1986. Iodini ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Maeneo mengi ya kule nayo madini joto yalikuwa haba, tezi za watoto zilikuwa na njaa, zikadaka zaidi. Ndiyo sababu ya vile vidonge vya iodini ya kawaida vinavyogawiwa kwenye ajali kama hiyo. Vinajaza viti vyote kabla mgeni mbaya hajafika.

Nilikwisha kumwambia shangazi kuwa tezi haioni ndani. Mfupa nao hauoni. Radiamu ni wa ukoo wa kalisi, kwa hiyo wale wasichana wa New Jersey waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa, wakichonga ncha ya brashi kwa midomo, miili yao iliipeleka mifupani kama maziwa. Misuli nayo inaipokea seziamu kama potasiamu.

Kuhusu seziamu kuna kisa ambacho kila muuza vyuma chakavu angepaswa kukijua. Mwaka 1987, mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyoachwa wakachukua kichwa cha mashine ya kutibu saratani, wakakiuza kwa mwenye yadi ya vyuma. Ndani mlikuwa na unga unaong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana, wakajipaka. Wanne walikufa ndani ya wiki chache, na mamia ya wengine walikutwa wamechafuka. Jambo linaloniudhi katika kisa kile ni la kikemia. Unga ule ulikuwa kloridi ya seziamu, ndugu wa chumvi ya mezani kabisa. Unayeyuka kwenye jasho. Unanata kwenye ngozi, unaingia kwenye udongo na mvua ya kwanza. Seziamu ileile ingekuwa imefungwa ndani ya kioo au kauri, mionzi ingekuwa ileile na bado ingewachoma walioishika, lakini isingesambaa mji mzima. Waliookolewa walipewa dawa ambayo ni rangi, ile buluu ya Prusia ya wachoraji. Ukiimeza, utumboni inamdaka seziamu, kifungo kinachomfaa kuliko mwili, na kutoka naye chooni.

Wiki iliyofuata kijana wa Namtumbo alikuja na swali la pili, safari hii si lake. Baba yake alikuwa amemtuma: je, kisima?

Nilimwambia arudi na daftari, tukakaa chini ya mwembe wa nyuma ya maabara. Urani ni mwenye tabia mbili. Akiwa amenyang'anywa elektroni sita, anashikana na oksijeni mbili, moja kila upande kama mtu aliyebeba ndoo kwa mzega, na hapo anayeyuka kwenye maji kwa urahisi, hasa maji yenye kabonati. Akiwa amenyang'anywa nne tu, anakuwa oksidi nyeusi na hataki maji. Urani wa Mkuju umo kwenye mchanga uliogeuka mwamba, na mwamba wa namna hiyo kwa kawaida hupata urani wake hivi: maji yenye oksijeni yanamchukua kutoka kwenye mawe ya mbali, yanasafiri naye chini kwa chini, yanafika penye mabaki ya mimea iliyooza, penye ukame wa oksijeni. Anarudishiwa elektroni mbili, anageuka mweusi, anakaa. Mchimbaji naye anachofanya ni kumrudishia ile tabia ya kwanza, kwa asidi na kitu cha kunyang'anya elektroni, ili atembee tena kuelekea kwake.

Kwa hiyo kuhusu kisima, swali la kuuliza si kama chini kuna urani. Ni maji yake yakoje, na yamepimwa? Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 katika lita, na wengi hushangaa kusikia kwamba kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya figo. Urani wa asili, yule mvivu, kwenye maji ya kunywa anadhuru kwanza kama metali nzito, kwa kemia yake, kabla hatujafika kwenye mionzi. Kijana aliandika hilo na kulipigia mstari mara mbili. Jibu la kisima cha baba yake sikuwa nalo, linatoka kwa anayepima, na nilimwandikia barua ya kupeleka wilayani.

Tabia ya urani kumng'ang'ania oksijeni ilimdanganya hata aliyemgundua. Klaproth, mwaka 1789 kule Berlin, alipasha dutu yake pamoja na makaa akapata unga mweusi, akautangaza kuwa ndiyo metali. Ilikuwa oksidi. Ilichukua miaka 52 mpaka Mfaransa Péligot, 1841, alipomzunguka kwa kupitia kloridi na potasiamu akampata urani mwenyewe. Namsimulia Klaproth kila ninapomsahihishia mwanafunzi daftari kwa wino mwekundu mwingi.

Na wanaotaka urani aruke wanamwoa na florini. Floridi yake yenye florini sita, ukiipasha kufika nyuzi 56 na nusu, inatoka yabisi na kuwa gesi moja kwa moja, na hiyo ndiyo inayozungushwa kwenye mashine za kurutubisha urani, yaani kuongeza sehemu ya urani 235. Mimi nilichokipenda ni kwa nini florini na si mwingine. Florini wote wa asili wana uzito mmoja. Molekuli mbili zikitofautiana uzito, tofauti ni ya urani tu, 235 au 238, na ndiyo inayochujwa.

Nina deni moja bado. Nilisema kemia haigusi mionzi "hata kidogo". Rafiki yangu alipomaliza kucheka aliniambia nimtafute berili 7. Huyu anaoza kwa kumvuta ndani elektroni wake mwenyewe, yaani chumba cha ndani kinamwita mtu wa barazani. Sasa kama aliyeungana naye amewasogeza elektroni mbali kidogo, kazi inachelewa kidogo. Nusu yake huondoka kwa siku 53, na tofauti kati ya kampaundi na kampaundi ni kama asilimia moja hivi. Kichekesho, lakini ipo. Na Wajerumani wa Darmstadt mwaka 1996 walimvua reni 187 elektroni zake zote 75, mtu ambaye kwa kawaida anahitaji miaka bilioni 42, naye akaonekana anahitaji miaka 33. Hiyo si kemia ya bomba la maabara, hakuna kampaundi inayomvua mtu nguo zote. Hata hivyo nilirudi darasani nikafuta neno "hata kidogo" ubaoni mbele yao, nikaandika "karibu".

Rafiki yangu alituachia kipimo, akasema tusiiguse ile soksi, tuihesabu tena baada ya wiki mbili. Tulifunika karabai kwa boksi la chaki. Siku ilipofika kijana alihesabu mwenyewe, dakika kumi, mara tatu, akaandika chini ya namba za zamani. Ilikuwa imepanda, karibu na pale ilipoanzia. Babu alikuwa ameendelea kuzaa kimyakimya ndani ya boksi. Sikusema kitu, niliacha aangalie.

Akaangalia muda. Kisha akauliza: "Na wale waliotoka siku ile, Mwalimu, walikwenda wapi?"

Hewani. Vipimo vilivyofanywa vinaonyesha ni kidogo, na baba alikufa mzee, kwa presha, hakuna anayemlaumu karabai. Lakini nilimwona hapo hapo, ameinama juu ya taa kwenye mtumbwi, uso wake futi moja kutoka kwenye soksi mpya, anasubiri weusi uondoke, na mimi pembeni yake nikingoja zamu yangu ya kupuliza.

Pakiti ya pili bado ninayo. Darasa linataka turudie jaribio, na kijana wa Namtumbo amekwisha kuandika utaratibu. Namba moja kwenye karatasi yake: madirisha yote yafunguliwe kabla ya kuwasha.